Tyubu Iliyo Safi

Faouzia, muuguzi wa zahanati ya Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, alikuwa na maradhi yake mwenyewe yasiyotibika: usafi. Meza iliyokwisha kufutwa yeye aliifuta tena. Mama yake, Mariyama, alipoanza kukonda, akawa hashibi maji, na sisimizi wakajaa uani kila alipokojoa, Faouzia hakukubali mtu mwingine amtoe damu. Sukari ya damu ilipimwa ng'ambo tu, mjini Mahajanga, na damu ilisafirishwa kwa boti.

Sanduku la tyubu za damu lilikuwa limeachwa na fundi wa maabara Mfaransa, aliyefunga virago baada ya uhuru bila kumweleza mtu chochote. Tyubu nyingine zilikuwa tupu, nyingine zina unga mweupe chini. Faouzia alisonya. Uvivu gani huu, kuacha vyombo na vumbi? Akachagua moja inayong'aa, akaiangalia juani, ndipo akamtoa mama yake damu.

Jibu lilirudi kwamba sukari iko chini. Daktari akaagiza mgonjwa apewe chai tamu. Faouzia alichanganyikiwa. Sisimizi wanasema sukari imezidi, Mahajanga wanasema imepungua, amwamini nani? Akawaamini Mahajanga. Akamkorogea mama chai asubuhi na jioni, na mama akazidi kudhoofika. Akamtoa damu tena, safari hii akiichagua tyubu kwa makini zaidi. Sukari ikaonekana imeshuka zaidi. Kichwa kilimzunguka hata akasahau kufuta meza.

Mama alipoanza kuweweseka, Faouzia alipanda naye boti hadi Mahajanga. Halidi, fundi wa maabara ya huko, akamtoa mgonjwa damu na kuipima papo hapo.

"Sukari imepanda mno," alisema. "Nani aliwaambia iko chini?"

"Ninyi."

Faouzia akaitazama tyubu nyingine mkononi mwa Halidi, ina unga mweupe. "Na mbona mnatumia tyubu chafu?"

"Hii ni dawa, dada. Damu ikikaa, inaila sukari yake yenyewe. Dawa hii ndiyo inayoizuia. Damu ya kutoka Nosy Be ikitiwa kwenye tyubu tupu, sukari inaishia njiani."

"Hamkuona kwamba tyubu zangu hazina unga?"

"Damu ikiingia, unga unayeyuka. Tungejuaje?"

Faouzia alikaa kwenye benchi. Aliona haya, aliona hofu, na zile chai zote zikamrudia kikombe kwa kikombe.

Mariyama alichomwa sindano za insulini, na siku chache baadaye fahamu zikamrudia. Faouzia alipoingia wodini alimkuta akizungumza na mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Huyu ndiye binti yangu, muuguzi," alisema Mariyama. "Wengine wanatolewa damu ovyo ovyo. Mimi alinichagulia tyubu safi kuliko zote." Akamgeukia. "Mwanangu, leo hujanikorogea ile chai yako?"

Faouzia akachukua kikombe, akamjazia mama yake maji.