Doa la Mlango wa Kulia

Rangi ya kwanza ilikauka vizuri, ikalala nyeupe pe juu ya kabati la mama, na fundi, binti yake, akajipongeza mapema mno. Kesho yake alipofika uani, mlango wa kulia ulikuwa na doa la kahawia kama chai iliyomwagika. Akapaka mara ya pili. Doa likarudi. Akapaka mara ya tatu, rangi nzito, ya hasira, na doa likatokeza palepale.

Kabati lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Shida ilikuwa wifi. Mama alikuwa ameanguka mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na mara ya pili alilala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuazima ungo. Ndipo kaka mtu akakata shauri kwamba Ijumaa atakuja na gari, amchukue akaishi kwake. Mama akasema haendi popote bila kabati lake. Wifi, ambaye kwake kila kitu ni cheupe hadi pipa la taka, akasema dude jeusi namna ile haliingii nyumbani mwake. Basi mzigo wote ukamwangukia binti, maana kupaka rangi samani za watu ndiyo kazi inayomlisha. Kabati liwe jeupe ifikapo Ijumaa, la sivyo mama abaki peke yake na sakafu yake. Hilo fundi hakutaka hata kuliwaza.

Jumanne akaweka kiburi kando, akampigia mzee aliyemfundisha kazi. Mzee hakumwonea huruma. Alimuuliza kama alipiga msasa tu kisha akakimbilia rangi, naye akakiri. Akamuuliza mbao hizo zilikuwa zikifutwa kwa kitu gani miaka yote, naye akasema atamuuliza mama. Mzee akaguna. Mbao kuukuu, akasema, zimenywa mafuta na uchafu wa kila aina, na rangi ya maji inauvuta wote juu. Hata apake mara ishirini, anajisumbua bure. Kwanza azifunge mbao kwa shelaki, ile vanishi nyepesi inayoyeyushwa kwa spiriti, apake mara mbili, aiache ikauke, ndipo aguse rangi.

Fundi akaenda kumuuliza mama, aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua mchele. Mama akacheka. Dawa ya viatu, akasema. Marehemu baba kila Jumapili aking'arisha viatu, kitambaa kikibaki na dawa, alikimalizia kwenye mlango wa kabati, huo wa kulia, uliokuwa karibu na kiti chake. Alipofariki, mama hakuacha. Viatu vilishagawiwa watu, lakini kopo la dawa aliendelea kulinunua.

"Miaka kumi na minne, mama?" fundi akasema. "Mbao si zimeshalewa."

Haya, akaukwangua mlango mpaka kwenye mbao, akaufuta kwa tina ya kuondolea mafuta, akapaka shelaki mara mbili, kisha rangi. Jumatano jioni mlango ulikuwa mweupe kama sahani. Alhamisi asubuhi doa lilikuwa limerudi.

Alikaa chini, puu, kwenye saruji. Machozi yalimlengalenga, fundi mzima. Akautukana mti, akamtukana na aliyeukata. Kisha akasogeza uso karibu, maana kuna jambo halikumwingia akilini. Madoa ya kwanza yote yalitokea chini ya rangi, yamefifia, hayana mwanzo wala mwisho. Hili lilikaa juu ya rangi, na lilikuwa na mikwaruzo ya kitambaa. Akapitisha kidole. Kidole kikatoka na ukahawia. Akakinusa.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akamkuta mama amekaa kitandani kama mtoto anayesubiri kugombezwa, kucha za mkono wa kulia zimejaa dawa ya viatu.

"Mama, umepaka wewe."

"Nimepaka."

"Kwa nini?"

Mama alinyoosha shuka ambalo tayari lilikuwa limenyooka. "Niliona linakataa rangi," akasema. "Nikadhani likizidi kukataa, mtaniacha hapa."

Fundi alikuwa na mengi ya kusema: sakafu, jirani, ungo. Yote yalikuwa kweli. Lakini kaka alipiga simu, wifi alipiga simu, yeye mwenyewe alikuja na ndoo ya rangi, na habari za kabati walizijadili siku tatu mfululizo. Mama hakuulizwa na mtu kama anataka kwenda. Fundi aliona aibu, aibu hasa, hadi masikio yakamwaka moto.

"Unataka kukaa wapi, mama?"

"Hapa. Peke yangu naogopa, sikufichi. Lakini hapa."

Akampigia kaka, akamwambia kesho asije na gari. Kaka akafoka, kisha akauliza ni nani atakayemwinua mama akianguka tena. Lilikuwa swali la haki. Fundi alikuwa na chumba chake cha kupanga ng'ambo ya mji, kimya, ufunguo mmoja tu na anao yeye, na alikipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

"Mimi," akasema. "Nahamia huku."

Mama alisikiliza mpaka simu ikakatwa. Kisha akasema aje tu, ila yale makopo yake yanayonuka yakae nje, maana yeye ana kifua. Alisema hivyo huku amemshika bintiye mkono, na alipomaliza kusema hakuuachia.