Linta ya Gesti ya Mwenyekiti

Anjelika alitua ndoo, akamimina maji ndani ya pipa. Pipa lilisimama mahali ulipong'olewa mgomba wake wa mwisho. Kibanja hicho, shamba lake la migomba, mwenyekiti wa kijiji Bernardo alimnyang'anya mwaka ule wakimbizi walipofurika Ngara. Mjane asiye na mtoto wa kiume hana ardhi, alitangaza mkutanoni; ardhi inarudi kijijini. Ikarudi kijijini wiki mbili, kisha ikawa ya Bernardo. Sasa alikuwa anajenga gesti, wageni wa mashirika wapate pa kulala karibu na kambi ya wakimbizi ya Lukole, na Anjelika alimchotea maji kwa sahani ya ugali.

"Mama, hicho kikombe cha chai kiweke mbali," alisema fundi Nshimirimana, mkimbizi aliyetoroka kambini kila alfajiri kuja kujenga. "Sukari ikiingia kwenye maji, saruji haishiki."

Hakujua amempa nini.

Siku ya kumwaga zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, Anjelika alikuja na sukari ndani ya khanga. Alikuwa ameuza kuku wake wote. Aliikoroga pipani kwa mkono, taratibu, kama anayemkorogea mgonjwa uji. Wiki nzima alilala usingizi mtamu.

Mbao zilipoondolewa, linta ilimeguka na kuvuta ukuta wote wa mbele. Hakuumia mtu. Anjelika aliuma khanga asije akapiga vigelegele.

Ndipo mgambo walipomlaza Nshimirimana kifudifudi.

"Umeuza saruji yangu!" Bernardo alifoka.

"Hapana, mzee, nilipima mwe—"

Fimbo zikamkatiza.

Anjelika alipenya katikati ya watu. "Mwacheni! Ni mimi. Nilitia sukari kwenye maji."

Bernardo aligeuka kumtazama. Alikuwa ameelewa, Anjelika aliliona hilo machoni pake. Kisha akacheka, wote wasikie. "Masikini, uchungu umemvuruga akili."

Akainama sikioni kwake. "Nikisema nimebomolewa na mjane, nani ataniogopa tena? Huyu hana hata kibali cha kutoka kambini. Yeye atafaa."

Wakampakia Nshimirimana kwenye gari la polisi, miguu mitupu, mikono imefungwa kamba. Alimtazama Anjelika kama mtu anayejaribu kukumbuka alimkosea nini.

Gari halijakata kona, wanaume watatu kutoka Lukole walikuwa wamekwisha kujipanga mbele ya kifusi, wakiomba kazi. Bernardo alimnyooshea mmoja kidole. Mtu yule alishukuru kwa mikono miwili, akaokota kandambili za Nshimirimana kwenye matofali, akazikung'uta vumbi, akazivaa.