Paipu Iliyofungwa kwa Waya

Mwaka wa sitini na sita Monari alikuwa akiuza mahindi mjini Migori, na nyuma ya duka lake alikuwa akijiundia gari. Mzungu mmoja wa Sotik, alipouza shamba arudi kwao, alimwachia sanduku kubwa la vipande: bodi jepesi, viti, na chesisi na injini ya Ford kuukuu. Javan, rafiki yake aliyetengeneza injini za maboti, ndiye aliyemsaidia kuviunganisha.

Ilibaki paipu ya petroli. Tangi lilikaa juu, nyuma ya viti, ili petroli ishuke yenyewe hadi kwenye kabureta. Monari alitaka paipu ile ya shaba ishikwe kwa klipu kila shibiri, na kila inapopenya chuma ivalishwe mpira. Lakini Rispa, mke wa Javan, alikuwa amejifungua kwa upasuaji hospitalini Homa Bay, na asubuhi ile alikuwa akiruhusiwa kutoka.

"Basi litamfumua mshono," Javan alisema. "Twende na hili, omera, ndugu yangu. Klipu zimekwisha, funga kwa waya."

Monari alifunga kwa waya. Mpira hakuweka.

Gari lilikwenda vizuri mpaka wakapita Rongo. Huko barabara ya murram ilikuwa mashimo matupu, na bodi lote likawa linatetemeka. Monari akanusa petroli.

"Tulijaza tangi mno tu," Javan alimwambia. "Endesha."

Punde Javan akainua mguu. Soksi yake ilikuwa imelowa.

Monari alizima injini, akaliacha gari lijikokote hadi likasimama kando ya majani makavu. Aliinama chini yake. Waya ulikuwa umelegea, na pale paipu ilipopenya chesisi, ukingo wa chuma ulikuwa umeikereza hadi ikatoboka. Petroli ilichuruzika, na matone mengine yaliangukia ekzosi, yakachemka na kutoa moshi mweupe. Koki ya kufunga tangi haikuwapo, hawakuwahi kuiweka.

Javan alijitupa chini ya gari, akaziba tundu kwa kidole. Kiwiko chake kiligusa ekzosi. Alipiga ukelele, lakini kidole hakukitoa.

"Monari, fanya haraka!"

Wakati huohuo mtu wa baiskeli akateremka mlimani kuja kuwatazama, sigara mdomoni.

"Mzee, rudi! Usije na moto!" Monari alipaza sauti.

Yule mtu alitabasamu, akazidi kusogea. Kiswahili hakikumwingia.

"Dog chien! Mach!" Javan alimpigia kelele kwa Kijaluo kutoka chini ya gari, arudi nyuma, moto.

Mtu yule alishtuka, akaitupa sigara. Iliangukia majani. Moshi ukapanda, kisha mwali mdogo, na upepo ukaulaza kuelekea gari. Monari alikimbia, akaukanyaga kwa viatu vyake vya ngozi, akapiga magoti na kuufukia kwa mchanga kwa mikono miwili. Hakuinuka mpaka alipogusa majani yote yakawa baridi. Kisha akarudi mbio kwa Javan.

"Kwenye kikapu tulichomletea mtoto, nyuma ya kiti," Javan alisema akisaga meno. "Kuna sabuni."

Monari alikata kipande cha sabuni, akakifinyanga, akakisukumia ndani ya tundu na kukifunga kwa kitambaa. Matone yakakoma. Walingoja ekzosi ipoe, wakaenda polepole hadi Homa Bay.

Rispa alikuwa ameketi kwenye nyasi nje ya hospitali, mtoto wa kiume mapajani.

"Panda, mama, twende nyumbani," Javan alimwambia. "Watu wanangoja."

"Hapandi mtu," Monari alisema.

"Sabuni imeshika!"

"Imeshika kwa watu wawili wazima. Mtoto simchukui juu ya sabuni."

Javan alimsogelea. "Mke wangu amepasuliwa. Unataka alale wapi, hapa kwenye nyasi?"

Rispa alikuwa akiutazama mkono wa mumewe, ngozi ya kiwiko imevimba malengelenge. Alisikia pia harufu ya petroli kwenye nguo zake.

"Shemeji," alimwambia Monari, "tengeneza. Mimi nitangoja. Na wewe Javan, ingia ukafungwe huo mkono kabla hujamsogelea mtoto."

Javan alirudi na bendeji, akateremka gatini kwa mafundi wenzake wa maboti. Alileta paipu ya shaba, koki, klipu na mpira mzito. Waling'oa paipu yote, wakapitisha mpya upande usio na ekzosi. Monari alivuta kila klipu kwa nguvu zake zote. Walipofungua koki, Javan alipapasa paipu kutoka tangi hadi kabureta kwa mkono wake mzima, akautoa mkavu.

Njiani kurudi Monari alisimama kila baada ya mlima, akainama kuchungulia. Karibu na Awendo aliposhuka tena, mtoto aliamka akalia.

"Shemeji," Rispa alisema, "ukisimama mara nyingine nitashuka nitembee."

Javan alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Monari alirudi kwenye usukani, na hakusimama tena hadi Migori.