Meno ya Breki

Dada aliiweka mezani ikiwa imeviringishwa kwenye gunia, akarudi nyuma kidogo na kufuta mikono kwenye sketi yake. "Haya, bwana rubani. Fungua."

Wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia, kwa mzaha, kwamba helikopta yangu ya chumbani, ya kurukia kwenye kompyuta, imebakiza kiungo kimoja tu. Fimbo ya katikati ilikuwa tayari: kipande cha bomba la maji nilichokisimamisha kwenye kitako cha kiti cha ofisi kilichovunjika. Pedali zilikuwa tayari pia. Nilizitengeneza kwa ubao mmoja unaozunguka katikati, upande mmoja ukienda mbele mwingine unarudi, na nikapigilia mkanda wa kiatu ili mguu mmoja uweze kusukuma na kuvuta. Mimi mguu ninao mmoja. Kilichokosekana ni wenzo wa mkono wa kushoto, ule ambao rubani huupandisha ili helikopta ipae na kuushusha ili itue. Sisi tusio na uwezo wa kununua vya dukani, tunaojiundia vyetu na kuvichomeka kwenye kompyuta, tunakubaliana jambo moja: hakuna kinachoshinda breki ya mkono ya gari bovu.

Nikafungua gunia. Ilikuwa breki ya mkono, na kwenye mpini palikuwa na utepe mwekundu uliochakaa, umezungushwa kwa ustadi mpaka chini. Niliujua utepe ule. Aliyeuzungusha ni Dada mwenyewe, zama alizokuwa dereva.

"Umeitoa wapi?"

"Gari letu la mikate bado liko kwa yule wa vyuma chakavu. Wamelinyofoa kila kitu, hii wameiacha." Akanitazama usoni, kisha akatazama pembeni. "Nikaona kilichokuangusha ndicho kikuinue. Kama inakuudhi niambie, nitaitupa."

Nikamwambia hainiudhi hata kidogo. Nikamshukuru.

Gari lile ndilo lililonila mguu. Enzi hizo Dada aliendesha pikapu ya tanuri la mikate, na aliendesha kwa maringo. Wanaume waliomcheka siku za mwanzo waliishia kumbembeleza awatolee magari yao kwenye vichochoro walivyojiingiza wenyewe. Alfajiri alikuwa anaimba akipasha injini moto. Nami nilikuwa kijana niliyepasi usaili wa chuo cha marubani wa helikopta, nasubiri masomo yaanze, na kwa kuwa nilikuwa nyumbani bila kazi nilimsindikiza kuteremsha kreti.

Kisa chenyewe kinavyosimuliwa mtaani ni hivi. Dada aliegesha mbele ya duka, kwenye mteremko, akaingia ndani kumwita mwenye duka. Mdogo wake akaenda nyuma ya gari kushusha mikate. Gari likarudi kinyumenyume likambana kijana wa watu ukutani. Dada alikuwa amesahau kuvuta breki. Tena aliyesema hivyo wa kwanza ni yeye. Alitoka mbio, akafungua mlango, akaukuta mpini umelala chini kabisa, akapiga ukelele: "Nimesahau! Mama yangu, nimesahau!" Neno likishatoka halirudi. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

Siri ya mtungi muulize kata. Mimi nilikuwa kata.

Kwenye usaili, mkufunzi alitushika mabega mmoja mmoja akasema mkono wa kushoto ndio wa kufundishwa upole, maana ndio unaopandisha na kushusha roho za watu. Nikalishika hilo neno kuliko sala. Dada alipoingia dukani nilijisogeza kwenye kiti chake, nikaishika breki, nikabonyeza kitufe chake na kuanza mazoezi. Nilipaa juu ya paa la duka. Nilizunguka mnara wa maji, mdomo ukipiga kelele za injini, tata-tata-tata, mtu mzima mwenye ndevu. Kisha nikatua. Nilitua vizuri sana. Niliushusha mpini taratibu, kwa ule upole wa mkufunzi, mpaka chini kabisa, kwa sababu kwenye helikopta hiyo ndiyo adabu: ukishagusa ardhi, mkono wa kushoto hushuka mpaka mwisho na kazi imekwisha.

Gari halikutikisika. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekaa kwenye kijishimo. Nikashuka nikiwa na furaha, nikaenda nyuma, nikaivuta kreti ya kwanza kwa nguvu.

Hospitalini Dada alikaa kando ya kitanda akaniomba msamaha. Nilifumbua mdomo nimwambie. Lakini nilikuwa nimeshapoteza mguu na chuo, na kitu pekee kilichobaki kilikuwa huko kuhurumiwa, na nani atamhurumia mtu aliyejikata mwenyewe? Nikajiambia nitasema nikipona. Nilipopona nikajiambia nitasema yeye akitulia. Baadaye lawama aliyojitwisha ikawa ndiyo inayonipikia, inayonifulia, inayonisukumia kiti mpaka dirishani, nami nikazoea. Hakuna kitu kibaya kama kuzoea.

Dada hakuendesha tena. Alibaki tanurini akifunga mikate kwenye karatasi. Akizima jiko anarudi kuliangalia. Akifunga mlango anarudi kuusukuma, kisha anarudi tena. Ukimwuliza, anauinua mkono wake wa kushoto na kuutazama kwa mashaka, mfano wa mtu anayemtazama mtumishi aliyewahi kuiba. "Huu mkono wangu husahau," anasema. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nguoni mwake, nakula.

Basi, breki nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea tunayemwita Cheche. Breki ya gari ina meno ili ing'ate na kukaa, lakini wenzo wa helikopta hautakiwi kung'ata. Unatakiwa uteleze na usimame popote mkono unapouacha, bila sauti. Nilimwomba ayasage meno, aweke kipande cha ngozi kinachobanwa na nati, na ubavuni afunge kitufe cha kuzungusha, cha kuongezea sauti, nilichokitoa kwenye redio mbovu, ndicho kinachoiambia kompyuta mkono uko wapi.

Cheche aliigeuza breki kwenye mwanga, akaivuta. *Krrr.* Akaivuta tena.

"Aisee, hii nzima! Meno hayajalika hata kidogo. Unaisaga ya nini breki kama hii?"

"Saga."

"Haya, Rubani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Alidhani ananifariji. Cheche za moto zikaruka, meno yakaisha, na mimi nilisimama pale na gongo langu nikijihisi mtu anayefuta nyayo zake.

Jioni Dada alinikuta naifunga kwenye ubao kando ya kiti. Alizungukazunguka, akapanga vikombe vilivyokwisha pangwa, halafu akauliza bila kunitazama.

"Fundi kaionaje? Ilikuwa mbovu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikwenda mpaka kwenye vyuma chakavu kuitafuta hiyo na si nyingine. Zawadi ilikuwa zawadi, lakini ndani yake alikuwa ameificha rufaa yake. Labda meno yalikuwa yameisha. Labda breki iliachia yenyewe. Miaka yote hakuthubutu kulitamka hilo, asije akaonekana anajitetea mbele ya mtu anayeamini kwamba yeye ndiye aliyemlemaza.

Ningeweza kusema ndiyo, ilikuwa mbovu. Uongo mdogo, wa huruma, ungemfungua yeye na kunificha mimi, na meno yenyewe yalikwisha kuwa vumbi kwenye sakafu ya Cheche. Sijui ni shetani gani wa ukweli aliyenipanda.

"Ilikuwa nzima," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Nilijua."

Siku zote nilikuwa nimenyamaza. Siku hiyo nikasema kweli tupu, na kweli yenyewe ikawa uongo mbaya kuliko ukimya wote. Alipokuwa anasuuza vikombe aliniambia, kama habari ya kawaida, kwamba mwenye tanuri anamtaka arudi kuendesha. Gari jipya, dereva aliyekuwepo ameacha. Angempa jibu Jumatatu.

"Utamjibuje?"

"Nitamwambia atafute mtu mwenye akili zake. Gari si mchezo, mdogo wangu. Wewe unajua kuliko mtu yeyote."

Jumapili ndipo niliporuka kwa mara ya kwanza. Nilifunga mguu kwenye mkanda, nikashika bomba kwa kulia na utepe mwekundu kwa kushoto, na kompyuta ikanipa uwanja, anga na nyumba ndogondogo. Kwanza nilianguka kila nilipojaribu. Helikopta haipendi mtu mwenye pupa. Ukiisukuma inakimbia, ukiivuta inanuna. Kisha mkono ukakumbuka upole wake. Chombo kikasimama hewani, kikitetemeka kidogo, nami nikalia kwa furaha, nakiri. Nilisahau kila kitu. Nilisahau mpaka mdomo wangu.

Sikumsikia Dada akiingia na chai. Mimi nilikuwa natua. Tata-tata-tata, nilikuwa nafanya, na mkono wa kushoto unashuka taratibu, unashuka, mpaka chini kabisa.

Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni. Hakuitazama kompyuta. Aliutazama mkono wangu.

"Ukitua unaishusha hiyo?"

"Ndiyo."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Akaingia hatua moja, kikombe mkononi.

"Siku ile," akasema, "ulikuwa unaruka?"

Aliniuliza kwa sauti ndogo iliyoniachia nafasi ya kutoroka. Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema Dada umeanza mambo gani tena. Jumatatu angekwenda kumkatalia mwenye tanuri, na jioni angenipikia.

"Nilikuwa naruka, Dada."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Kikombe alikiweka sakafuni, akaufungua mkono wake wa kushoto juu ya goti, akauangalia muda mrefu.

"Niliivuta," akasema.

"Uliivuta."

"Niliyasikia meno. Miaka yote hii nayasikia nikilala, *krrr*, najiambia acha kujidanganya, mwanamke wewe, acha kujidanganya." Akacheka kidogo, kicheko kibaya kisicho na pumzi ndani yake. "Nilikuwa nakula dawa ili nisiyasikie."

Nikajivuta mbele kwenye kiti. Nilisema jina la Mungu, nikasema nisamehe, nikasema mengine ambayo hata mimi sikuyasikia. Akanyanyua kiganja.

"Ngoja. Leo usiniombe kitu. Nimechoka kukupa."

Akaokota kikombe. Chai aliyoniletea aliinywa yeye, amesimama dirishani, ananipa mgongo, mpaka ikaisha. Kisha akaenda kufunga mlango wa mbele. Nilitega sikio. Aliufunga mara moja, hakurudi kuusukuma.

Jumatatu alikwenda tanurini, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amehamia chumba kilicho karibu na kazi yake. Siku hizi ninajipikia. Ninaunguza, ninajifunza. Kuruka nako ninaruka, lakini nikitua natua kimya.

Huja mara mojamoja, akimaliza kusambaza mikate. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na huegesha chini ya dirisha langu, kioo cha gari kikiwa wazi. Huizima injini kwanza. Baada ya hapo husikika breki ikivutwa, *krrr*, jino kwa jino, mpaka jino la mwisho. Haharakishi. Mkono wangu wa kushoto huwa juu ya wenzo wangu usio na sauti, nami hungoja abishe hodi.

Akiingia huniletea mkate mzima. Zamani alikuwa ananikatia. Hunisalimu, huniuliza habari za gongo, huniuliza habari za helikopta. "Gari liko mteremkoni," husema, na huweka funguo mezani, palepale karibu na mkono wangu wa kushoto. Kisha huenda jikoni kujichemshia chai, na huziacha hapo muda wote.