Shokapu ya Watu Wawili

Waliokuwapo uani saa tatu asubuhi walikuwa wanne: mwenye pikipiki, ambaye ni mpimaji ardhi mstaafu, dada yake, fundi, na mke wa mwenye pikipiki, aliyezikwa miezi mitano iliyopita. Mke alifika wa mwisho, amevaa helmeti aliyonunuliwa miaka kumi na moja nyuma, ikiwa bado na nailoni yake.

"Wifi, umechelewa," dada alisema, akimsogezea kigoda.

"Njia ndefu. Nimeruhusiwa siku kumi, na hawaruhusu mara mbili."

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tisa, hadi pale barabara kuu inapoishia. Mwaka wa kwanza mume alisema matairi hayafai. Mwaka wa pili yakakosekana masanduku ya mizigo. Ikafuata zamu ya mnyororo, ya taa, ya mvua. Kila mara mke alijibu "Haya," akarudisha nguo zake kabatini.

Sasa masanduku yalikuwa yamefungwa ubavuni, na kidumu cha mafuta kimekazwa kwa mipira. Fundi alikuwa na utaratibu wake: hakazi shokapu mpaka mizigo yote ifungwe na wasafiri wote wakae.

"Mzee, panda. Mama, nawe panda nyuma, ila usiegemee sanduku."

Walipanda. Fundi aliinama na rula yake. Pikipiki ilishuka sentimita tatu kwa mume na moja na nusu kwa mke.

"Umepungua, mama."

"Ugonjwa ule."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akakaza shokapu kwa uzito wa watu wawili.

"Kaka, leo huna pa kujificha," dada alitania. "Umesema mwakani, mwakani, mpaka mwakani yenyewe imeona haya."

Mke alicheka. Akamshika mumewe kiunoni kwa mikono miwili, akasubiri.

Fundi alisoma orodha. Vitu vyote arobaini na kimoja vilikuwa vimetiwa alama. Mume aliichukua, akaisoma upya kuanzia juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akaomba kalamu, akaongeza cha arobaini na mbili: waya wa klachi wa akiba.

"Upo, mzee," fundi alisema. "Nimeufunga sambamba na huu unaotumika."

"Huo ni mmoja."

"Na ukikatika huo, mzee, tutasema Mungu hataki."

Hakuna aliyecheka. Mume alishuka, akapangusa tangi ambalo halikuwa na vumbi. Nyuma yake, mke alikuwa ameshaanza kufungua mkanda wa helmeti.

"Nimeamua," mume aliwatangazia wote watatu. "Tutaondoka mwakani."