Tunda Lililozikwa kwa Jina la Oduor

Nyumba yangu ya Likoni, kule ndani ya Mtongwe, ina vyumba tisa na ukumbi mmoja mrefu, na mimi sipendi chumba kikae kitupu wala mtu akae kimya. Asubuhi napika mahamri mlangoni, na kabla jua halijapanda nimeshajua nani kagombana, nani kapata kazi, nani anahama bila kuaga. Wapangaji waniita Mama Asmaa. Nikiwapa mgongo waniita redio, nami sikuwahi kukasirika, maana hao hao wanaonicheka ndio wa kwanza kuvuta kigoda.

Mwanzoni mwa mwaka jana chumba cha tano walikuwa wakikaa Oduor na mkewe Emmaculate, Wajaluo, watu wa bara. Oduor alikuwa mchukuzi bandarini hadi kazi zikakatika. Emmaculate alishona suruali kiwandani Changamwe, akivuka feri asubuhi na jioni, na ndiye aliyekuwa akilisha nyumba. Mwanamume akilishwa na mke miezi minane huanza kusikia tusi hata kwenye salamu. Kuta zangu ni nyembamba. Jioni moja nilimsikia Emmaculate akimwambia kwamba kuliko mume wa kukaa tu, heri mtu awe mjane ajue moja.

Kesho yake mapema Oduor alinipita na begi begani, akielekea njia ya kuteremkia pwani. Nikamwamkia, akaitikia, akapita. Mchana habari zikaja kwamba boti ya wavuvi imepinduka nje ya mwamba. Maiti watatu waliletwa. Wawili hawakuonekana, na majina ya vibarua wa boti zile hayaandikwi popote.

Mimi nilikuwa nimemwona njiani. Wallahi, njiani tu. Lakini siku ya pili, watu wamejaa mlangoni kwangu nami naeleza kwa mara ya kumi, nilijisikia nikisema nilimwona akipanda. Hakuna aliyeniuliza mara mbili. Siku ya tatu nilikuwa nawaonyesha kwa mkono alipokaa, upande wa nyuma, karibu na mashine.

Wazee wa kwao wakaja pamoja na Absalom, binamu yake, mtu mpole, fundi wa umeme. Absalom akatueleza kwamba kwao mtu akipotea majini asipatikane, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu la mvungunya, likalazwa jenezani kama maiti, likaliliwa, na mambo yakaisha. Ila hawaziki hivi hivi. Walitaka kumsikia aliyemwona mwisho.

"Mama, ulimwona kwa macho yako akipanda?" Absalom akaniuliza.

Ukumbi mzima ulikuwa ukinitazama. Nikasema kwa macho yangu.

Basi wakaenda wakazika tunda. Emmaculate alinyoa kichwa, akakaa matanga, akarudi kwenye cherehani yake. Kule nyumbani ikakubaliwa kwamba Absalom ndiye atakayemtunza mjane, kama desturi yao ilivyo. Emmaculate akaomba muda, naye Absalom akampa, bila kumsumbua. Muda wenyewe ulikuwa umalizike mwaka huu, Jumatatu ya kwanza baada ya mwezi wa nane, aje na gari amchukue na vitu vyake.

Siku chache kabla ya Jumatatu hiyo, Nyambura wa chumba cha nane, msusi, alinionyesha video kwenye simu. Alikuwa akitafuta matembezi ya wapangaji: boti ya kuzunguka visiwa vya kusini, kuangalia samaki chini ya maji kwa miwani na mrija, halafu chakula cha jioni ufuoni. Kwenye video mwongoza wageni alikuwa majini, ndevu zimemjaa, amekonda, jua limemchoma. Nisingemjua. Lakini akacheka, na alipocheka akainamisha shingo upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza bega lake, vile vile Oduor alivyokuwa akicheka.

Ningemwita Emmaculate kando. Mwanamke mwenye akili angemwita kando. Mimi nilipiga ukelele pale pale uani, ndoo zikiwa zimepangwa mferejini na kila mtu yupo, na hata maghribi haijaadhiniwa nyumba nzima ilikuwa inajua Oduor yu hai na sote twenda kumtoa.

Emmaculate hakulia. Aliomba aione ile video, akaiona tena na tena, akaketi kizingitini na simu ya watu mkononi.

"Kama ni yeye," akasema, "Absalom atarudi na gari tupu."

Tukaondoka Jumamosi, watu kumi na wawili, kwa gari la kukodi hadi Shimoni. Njiani palikuwa na kelele kama za harusi. Wapangaji wangu wengi ni wapya, wanamjua Oduor kwa picha iliyo ukutani mwa Emmaculate, sasa kila mmoja alikuwa na lake: huyu atamkamata mkono, yule atampiga kofi kwanza ndipo amsalimie. Nyambura alikuwa amemsuka Emmaculate nywele mpya, na nguo yake aliipiga pasi mara mbili. Nasi wawili tu, mimi na yeye, ndio tuliomjua Oduor kwa macho. Hilo nililikumbuka gari likiwa limeshapita Msambweni.

Boti ilikuwa ya faiba, nahodha wake Munga, mcheshi. Mwongozaji alikuwa ametupa mgongo, akigawa majaketi ya kuelea. Munga akamwita Bonface. Akageuka.

Nilimwona akimwona mkewe. Ni kitu kidogo mno, wengine hawakukiona: mkono ulisimama hewani na jaketi, kisha ukaendelea. Akaja akamvisha, akamfunga kamba kifuani moja moja.

"Karibu mama," akamwambia. "Maji ya leo ni matulivu, usiogope."

Mama. Kwa mkewe wa ndoa. Emmaculate akajibu ahsante.

Kisiwa cha kwanza tukateremka, tukatembea juu ya mawe makali, tukapigwa picha. Wenzangu wote walikuwa wakinitazama mimi, wakinikonyeza, wakiniuliza kwa nyusi. Nikawafanyia ishara wangoje. Cha pili ni mchanga mtupu unaofunikwa maji yakijaa. Baada ya hapo Munga akatupeleka kwenye matumbawe, akazima mashine. Akaeleza kwamba wasiojua kuogelea watashika boya la duara na Bonface atawavuta, wawili wawili. Emmaculate ameishi Likoni miaka sita na hajawahi kulowa juu ya kifundo. Akainua mkono wa kwanza. Nami nikainua wangu, maana sikuweza kukaa kwenye boti nisisikie. Sijifichi, hiyo ndiyo tabia yangu.

Bonface akaitemea mate miwani ya Emmaculate, akaisuza kwa maji ya bahari, wanavyofanya isiingie ukungu, akamvisha taratibu na kumtoa nywele kwenye mpira. Tukaingia. Chini kulikuwa na samaki wa manjano, wa buluu, wenye milia, wengi kama watu wa feri saa kumi na moja, na mawe yenye rangi ambazo sina majina yake. Niliona yote na sikuona kitu. Alituvuta mpaka sauti za botini zikawa mbali. Akasimama, anapiga maji kwa miguu, mkono mmoja kwenye boya. Tukainua vichwa.

"Nani alikuleta, Emma?" Macho yake yalikuwa kwenye boti.

"Umenifia mwaka na nusu," Emmaculate akasema, "wauliza nani kanileta."

Akaeleza haraka, kama mwenye kuibia nafasi. Siku ile hakwenda kwenye boti yoyote. Alikata njia ya juu, akapanda gari la kusini kutafuta kazi, na hakuaga kwa sababu ya lile neno la mjane. Alitaka arudi na kitu mkononi. Wiki ya kwanza simu ikaingia maji, na namba za watu hakuwa nazo kichwani. Alipompata kwa simu mchukuzi mwenzake, wiki ya sita, yule alipiga kelele akakata. Alipopiga tena akaambiwa amezikwa Jumamosi iliyopita.

"Ungerudi siku hiyo hiyo," Emmaculate akasema.

"Nirudi niwe nani? Mama amelia amemaliza. Aliyezikwa hivyo akitokea mlangoni, kwetu hatokei peke yake, anakuja na msiba wa pili. Nikasema huo wa pili usije ukawa wa mama. Nikakaa."

Emmaculate akavua miwani. Ilikuwa imejaa maji ndani.

"Mama amefariki, Oduor. Aprili mwaka jana. Alikuwa anakwenda kukaa pale kaburini kila siku na mvua inamnyeshea. Ikamshika kifua."

Miguu yake iliacha kupiga maji. Akazama hadi kidevuni, boya likainama upande wake, nami nikadhani anatuachia. Halafu akapanda tena, uso umelowa kama nyuso zetu zote zilivyolowa, huwezi kujua maji gani ni yapi.

"Nani aliyesema nilipanda ile boti?"

Emmaculate akatazama maji. Alijua, siku zote alijua, na katika mwaka na nusu hakuwahi kunitupia neno. Mimi nilikuwa mkono mmoja tu kutoka kwake.

"Ni mimi," nikasema.

"Mama Asmaa. Si uliniamkia njiani?"

"Nilikuamkia."

"Ukaniona nikipanda?"

"Sikuona."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Alinitazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani, akageuza boya kuelekea botini.

Emmaculate akamshika mkono. Akamwambia waende hivi hivi walivyo, si kwao bara, waende Likoni, au wasiende Likoni, wakae papa hapa, atauza samaki, atafua nguo za watu. Absalom anakuja Jumatatu, akamwambia. Jumatatu hii.

"Absalom ni mtu mzuri," Oduor akasema.

"Sikukuuliza Absalom ni mtu gani."

"Emma, nikikutazama nitamwona mama kwenye mvua. Kila siku. Na wewe ukinitazama utamwona. Hapa hakuna anayejua kitu, ndiyo sababu naweza kuamka asubuhi." Akavuta pumzi. "Waambie huyu siye Oduor. Mle, mrudi nyumbani."

Emmaculate akauachia ule mkono, akashika boya kwa mikono yake miwili.

Chakula kiliandaliwa ufuoni, mikeka imetandikwa chini ya turubai, jua lingali juu ya maji. Palikuwa na kaa wenye magamba mekundu na vijiti vya kuwavunjia, samaki wa kuchoma, wali wa nazi, mwani wa kukaanga na ufuta. Mimi mtu wa chakula. Nilimeza wali kama mchanga. Wenzangu walikuwa wameishiwa na subira, wamekaa wima, hata kaa hawavunjwi.

Bonface akapita na birika na beseni kutunawisha, mmoja baada ya mmoja. Alipomfikia mkewe akamimina. Emmaculate akaweka mikono chini ya maji na hakuitoa. Maji yakamiminika mpaka yakaisha, na yule akabaki ameinamisha birika tupu juu ya mikono ya mkewe, naye Emmaculate bado hakuitoa.

Nyambura ndiye aliyeshindwa. "Emma, si utuambie tu. Ni yeye ama si yeye?"

Emmaculate akainua uso akamtazama mumewe machoni, karibu kama ninavyoitazama karatasi hii ninayoandikia.

"Siye," akasema. "Huyu ni mtu mwingine."

Watu wakashusha pumzi mkeka mzima. Kisha wakanigeukia mimi. Mama Asmaa ndiye aliyemjua kwa kicheko, aseme.

Nilikuwa na neno mdomoni. Ningelisema, labda angeshikwa kwa nguvu, labda wangelia wote wawili wakaondoka pamoja, labda angeruka majini asionekane tena. Maisha yangu yote nimesema kwanza, nikafikiri baadaye. Siku hiyo nilifikiri kwanza, na kufikiri hakukunisaidia kitu.

"Nilifananisha," nikasema.

Wakaniandama kwa kicheko. Redio imenasa stesheni ya Tanga, Nyambura akasema, na wengine wakaongeza yao, kwamba wiki ijayo nitamfufua na babu yangu. Wakaanza kuvunja kaa. Wallahi walikula vizuri. Bonface akachukua birika akaenda nalo ukingoni mwa maji, akachutama huko, akaliosha muda mrefu sana. Aliyetuletea matunda alikuwa Munga.

Jumatatu Absalom akafika saa nne asubuhi na pikapu ya kukodi. Aliniletea mfuko wa omena na kilo mbili za sukari, akaniamkia shikamoo kwa adabu. Kitanda, cherehani, sufuria, vyote vikapakiwa na kufungwa kamba. Picha ya ukutani Emmaculate aliifunga kwenye leso, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Alikuwa ameshazifumua zile nywele.

Absalom akanishukuru kwa kumtembeza mke wake visiwani, akasema amekuwa na huzuni muda mrefu, bahari huenda ilimfariji. Nikamwambia bahari ilikuwa nzuri. Akaniambia wamenunua saruji. Desemba wanataka kulijengea kaburi la Oduor, na la mama yake kando yake, na ukoo wote utakuwepo.

"Na wewe mama tunakuomba uje," akasema. "Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Wazee watapenda usimame useme maneno mawili."

Emmaculate alikuwa ameshakaa mbele, mkoba mapajani, anatazama kioo cha gari. Najua alisikia.

Nikasema inshallah.