Kikapu chenye Waya wa Njano

Mkurugenzi wa ardhi, ambaye viatu vyake havijawahi kugusa tope, aliwaonyesha watu ukumbini picha za vinamasi vya chumvi vya dunia nzima.

"Tazameni cha ng'ambo: nyasi, kaa, ndege tele! Na hiki cha kwetu." Likatokea tope kavu. "Kimekufa, jamani. Tukifukie, tujenge kiwanda. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Fundi umeme, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi, alikuwa ameganda kitini.

"Rudisha ile ya ng'ambo."

"Mzee, tuna haraka."

"Irudishe!"

Ikarudi. Katikati ya nyasi, mwanamke ameinama akikata majani ya mbuzi, uso hauonekani. Kando yake kuna kikapu, mshikio umezungushiwa waya wa njano. Waya ule fundi aliuzungusha mwenyewe siku mshikio ulipokatika.

"Shemeji," alimnong'oneza jirani yake, "huyu si dada yako?"

"Mungu wangu! Ndiye!"

Fundi akasimama.

"Bwana mkubwa, marehemu mke wangu hakuwahi hata kupanda ndege. Huko ng'ambo mlimpeleka lini?"

Mikono ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine.